Bei ya Saa Moja Uwanjani

Siku ya kwanza kazini nilivaa koti. Nilitoka katika chumba tulichopanga Sydenham, hapa Durban, mume wangu, binti yetu mdogo na mimi, nikiwa na vyeti vyangu ndani ya bahasha ya kaki, kwa sababu miaka kumi na mmoja ya kufundisha michezo katika shule za upili kule Bungoma ilikuwa imenizoesha kwamba mwalimu mgeni hupokelewa ofisini, akapewa kiti na chai. Klabu ile haikuwa na ofisi. Ilikuwa na uwanja wa manispaa, kontena la chuma lililofungwa kwa kufuli mbili, na Kocha Mkuu, mzee mfupi aliyestaafu kutoka kiwanda cha viatu. Alilitazama koti langu, akaitazama bahasha, kisha akanipa ndoo tupu.

"Okota mipira," alisema.

Niliokota kwa saa mbili. Ilikuwa Februari, na wanaoijua Durban wanajua joto la Februari linavyomkalia mtu mgongoni. Wasichana ishirini na kitu walikuwa wakirusha mipira kwenye wavu, nami nazunguka nimeinama kama mtu anayepalilia. Tulipomaliza, Kocha Mkuu aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona wasichana wenye bidii. Akasema, "Basi njoo tena kesho."

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu, koti nikiwa nimeliacha nyumbani, nilimjibu tofauti. "Yule mrefu anakanyaga na mguu wa kushoto ukiwa umeelekea nje. Ndiyo maana mpira wake unapotea upande."

Mzee alininyang'anya ndoo huku akicheka. "Umeona! Aliyesimama anatazama mikono. Aliyeinama anaona miguu, na kurusha kunaanzia miguuni. Kuanzia leo wewe ni kocha. Lakini mipira bado utaokota."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya softiboli, ambayo niliifanya mjini Durban kwa miaka ishirini na sita. Ninaiandika sasa kwa sababu vijana wachache wa ushirika wetu wa kanisa, Wakenya na Wakongomani, wameanza kufundisha michezo kwa malipo, na kila Jumapili baada ya ibada wananiuliza swali moja: saa moja ya kumfundisha mtoto mmoja itozwe kiasi gani? Nimejaribu mara nyingi kujibu tukiwa tumesimama na vikombe vya chai mkononi, nikashindwa. Jibu langu ni refu kidogo.

Kwa asiyeujua mchezo huu, ni ndugu wa raunda tuliyocheza shuleni. Mpigaji anashika gongo, anaupiga mpira, anakimbia kuzunguka vituo vinne mpaka arudi alipoanzia. Jina lake la Kiingereza linadai kwamba mpira wenyewe ni laini. Ukikupiga kwenye ugoko utajua kama ni laini. Mchezaji mwenye kazi nzito kuliko wote ni mrushaji, anayesimama katikati ya uwanja na kumrushia mpigaji kutoka chini, mkono ukizunguka duara zima kando ya mwili na kuuachia mpira karibu na paja. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, mwenye glavu nene na kinyago cha chuma usoni. Mkono wa mrushaji ndio unaotafutiwa mwalimu wa binafsi, na karibu kila randi niliyowahi kulipwa ilitokana na duara lile la mkono.

Kocha Mkuu hakuamini masomo ya binafsi. Alifundisha kwa nauli tu, na mimi alinilipa nauli na andazi. Siku moja baba wa msichana mmoja alimwomba amfundishe binti yake peke yake siku za Alhamisi, kwa malipo mazuri. Mzee alivua kofia, akajikuna kichwa.

"Nikimfundisha peke yake," alimwambia, "atajifunza kurusha. Kucheza atajifunza na nani?"

Baba yule alimpeleka binti yake kwingine. Mimi nilimwona Kocha Mkuu kuwa mtu mwenye msimamo, na bado namwona hivyo. Lakini nilikuwa nimeona jambo jingine pia. Katika mazoezi ya timu msichana anarusha mipira arobaini, na kocha mwenye wachezaji ishirini anaiona mitano. Thelathini na mitano mingine anaikosea peke yake, na kosa lililorudiwa mara nyingi linageuka kuwa tabia. Katika somo la binafsi kocha anaiona yote arobaini. Hicho ndicho mzazi anachonunua. Ananunua macho, ndugu zangu, yasiyotazama mtoto mwingine kwa muda wa saa moja.

Baada ya miaka minne, vyeti vyangu vilipokwisha kuhakikiwa, jambo lililochukua muda mrefu kuliko kuvisomea, nilipata kazi katika shule moja ya binafsi huko juu mlimani. Kocha Mkuu mwenyewe ndiye aliyeniandikia barua ya kunisifu, kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari. Huko mkubwa wangu alikuwa Mkurugenzi wa Michezo, mama mrefu aliyetembea na filimbi shingoni hata kwenye mikutano ya wazazi. Ni yeye aliyenifundisha bei.

Mzazi mmoja, daktari, alinifuata kando ya uwanja na kuniuliza natoza kiasi gani kwa somo la binafsi. Sikuwa nimewahi kutoza. Nikababaika, nikasema, "One hundred, lakini kama ni nyingi tunaweza kuongea." Alinishukuru kwa upole, akaenda kumwajiri kijana aliyetoza three hundred na ambaye, kwa jinsi nilivyomwona akishika mpira, hakuwahi kuurusha maishani.

Mkurugenzi alipata habari. Aliniita, akanipa kalamu. "Florence, andika kila kitu kinachoingia katika saa moja."

Niliandika kodi ya uwanja, kwa kuwa nje ya saa za shule ulikodiwa. Niliandika mipira, inayopasuka mshono ikilowa. Niliandika bima, petroli, na dakika ishirini za kupanga wavu na kuutoa. Nikamrudishia karatasi.

"Umesahau kitu," alisema.

Niliisoma tena. Sikukiona.

"Umejisahau wewe. Miaka kumi na mmoja ya Kenya, na hii ya hapa. Nayo iandike." Kisha akasimama mbele ya meza akajifanya mzazi. "Mwalimu, unatoza kiasi gani?"

"Two fifty," nilisema. "Lakini kama..."

"Nyamaza! Tena. Unatoza kiasi gani?"

"Two fifty. Ila naweza..."

"Nyamaza, Florence! Taja bei, kisha funga mdomo. Anayepaswa kuongea baada ya hapo ni mzazi."

Tulirudia mpaka nikaweza kutaja bei na kunyamaza huku nikimtazama usoni, na sote wawili tukacheka hadi mhasibu akachungulia mlangoni. Sijawahi kupewa somo la thamani kubwa kuliko lile, na halikunigharimu kitu. Kwa mama yule nitasema asante mpaka mwisho.

Kutoka shuleni nilichukuliwa na kituo cha mazoezi huko Mobeni. Mwenye kituo, ambaye tulimwita Meneja, alikuwa amekodi ghala katikati ya viwanda, akatandika nyasi za plastiki, akaning'iniza nyavu kubwa zilizogawa vichochoro sita, na kununua mashine ya kupima kasi ya mpira. Mvua inyeshe, jua liwake, watoto walifanya mazoezi. Kocha alikuwa anapokea mshahara na sehemu ya kila somo. Masomo yaliuzwa kwa mafungu ya kumi kumi: mzazi alilipa yote kumi mapema, akapunguziwa kidogo. Meneja alipenda mafungu kwa sababu kodi ya ghala haikungoja. Simlaumu. Mume wangu alipofariki, mwaka wangu wa tatu pale, Meneja alinilipa mwezi mzima ambao sikukanyaga mlangoni. Mshahara ule ndio uliotulisha mimi na binti yangu, na ndio uliomsomesha. Muyakumbuke haya mtakaposoma yanayofuata.

Mama Neema alikuja Jumamosi moja asubuhi akiwa na binti yake wa miaka kumi na mitatu. Walitoka Bukavu. Yeye alikuwa anasuka nywele katika saluni ya ghorofani pale Warwick Junction, na Neema alikuwa ameuona mchezo shuleni akaupenda. Meneja alimpima kasi, akatoka na macho yanayong'aa. Msichana alikuwa na mkono wa ajabu. Meneja akamweleza mama yake kwamba huko Marekani kuna vyuo vinavyowasomesha bure wasichana wanaorusha vizuri. Mama Neema alifungua pochi palepale.

Niliwafundisha watoto wengi, na wachache sana walikuwa kama Neema. Nilimwonyesha jambo mara moja, mara ya tatu alikuwa amelishika. Nilimfundisha mpira wa kuchelewa, ule unaorushwa kwa mkono wa kasi lakini ukitoka polepole, mpigaji akapiga hewa kabla haujafika. Siku ulipomtoka sawasawa kwa mara ya kwanza, alijiziba mdomo kwa glavu na kuruka ruka. Fungu la kwanza la masomo kumi likaisha, mama akanunua la pili. Mbali na hayo alikuwa anarusha katika timu ya shule, na katika klabu, na nyumbani dhidi ya ukuta.

Katika somo la tatu la fungu la pili nilimwona akifunga nywele zake kabla ya kuanza. Hakuinua mkono ufikie kichwa. Aliinamisha kichwa mpaka kikafika kwenye mkono.

"Bega linauma?" nilimuuliza.

"Hapana, Kocha."

"Linauma tangu lini, Neema?"

Aliangalia viatu vyake. "Tangu Pasaka."

Pasaka ilikuwa imepita majuma sita. "Mama anajua?"

"Usimwambie, Kocha, tafadhali. Ameshalipa."

Nilimfanyisha mazoezi ya miguu tu siku ile, mpira hakuugusa. Mama yake alipokuja kumchukua nilimwomba tusogee kando, kwenye maegesho. Nilimwambia kwamba bega la mtoto limechoka, kwamba asirushe tena mpaka aonwe na daktari, na kwamba kwa maoni yangu asinunue fungu jingine mwaka ule. Nilidhani atashukuru. Uso ulimbadilika.

"Mama Kocha, unanifukuzia mutoto?"

"Hapana, Mama Neema. Nasema apumzike."

"Batoto ya batajiri unabafundisha kila siku. Sijaona hata mumoja unamwambia apumzike. Wangu tu, paske mimi nasuka nywele?" Machozi yalikuwa yanamlenga. "Pesa yangu iko sawa na yabo. Vraiment, sikujua uko hivi."

Alimshika Neema mkono na kuondoka. Jumatatu Meneja aliniita ofisini na kufunga mlango.

"Eish, Florence. Umemwambia mteja asilipe?"

"Nimemwambia mtoto ameumia."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Basi usitoe ugonjwa, toa somo. Mama amekuja hapa analia, anasema umemdharau. Nimempa kocha mwingine." Alikuwa hanitazami. "Na nikisikia tena umemwambia mzazi asinunue fungu, itabidi tuachane. Sitaki, lakini itabidi."

Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo. Nilijiuliza kama nilikosea maneno, kama nilikosea mahali, kwa sababu kumwambia mtu habari ya mwanawe katikati ya magari si heshima. Nilimfikiria binti yangu, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni. Kwa siku nne nilimwona Neema akirusha katika kichochoro cha tano na kocha kijana aliyekuwa akishangilia kila namba iliyowaka kwenye mashine. Yule kocha hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumfanya ainame.

Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilipanda teksi, yaani matatu za huku, hadi Warwick Junction, nikapita kwa wauza dawa za miti shamba, nikapanda ngazi za saluni ile. Mama Neema aliponiona alinyanyuka, akaketi tena.

"Nimekuja kusuka," nilimwambia.

Hakuweza kunikatalia mbele ya wenzake. Alinitandikia taulo mabegani, akaniuliza mtindo, akataja bei, akanyamaza. Nilikubali. Alianza kusuka akivuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nami nikavumilia. Chini, makonda wa teksi walikuwa wanaita abiria. Kwenye saa ya pili nikasikia vidole vyake vinapungua mwendo, kisha vikaacha kabisa, na kwenye kioo nikamwona akikunja na kukunjua kifundo cha mkono wa kulia.

"Mkono unakuuma?" nilimuuliza.

"Ni kazi. Kama nasuka watu wane siku moja, jioni siwezi hata kushika sufuria."

"Ukiwa hivyo unafanyaje?"

"Dada huyu ananisaidia. Naacha siku mbili, tatu. Kama sipumziki, mukono utakufa, nitakula nini?"

Niliangalia mbele. Kwenye kioo nilimwona amesimama nyuma yangu, kitana mkononi, akitazama utosi wangu kama mtu anayesoma.

"Neema alikwambia nini?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Aliniambia linauma tangu Pasaka. Na aliniomba nisikwambie, kwa sababu umeshalipa."

Mama Neema alikaa kwenye kiti cha jirani, akajifunika uso kwa taulo. Yule mwenzake alizima redio. Mama Neema alifuta macho, akasimama, akamalizia kichwa changu kwa mkono mwepesi kabisa, na nilipotoa pesa alizipokea kwa mikono miwili. "Kazi ni kazi," alisema, na nikafurahi kwamba hakunisamehe bei. Tulikuwa sawa sasa.

Jumatatu iliyofuata tulimpeleka Neema hospitali ya umma, tukapanga foleni tangu asubuhi, wote watatu. Daktari alimwinua mkono, akamgeuza, akampiga picha ya eksirei. Alitueleza kwamba mfupa wa mtoto una sehemu laini unapokulia, na sehemu ile ya bega la Neema ilikuwa imeanza kufunguka kwa kurusha kupita kiasi. Majuma kumi na mawili bila kugusa mpira. "Mngekuja baada ya mwezi mmoja zaidi," alisema, "tungekuwa tunaongea habari nyingine." Mama Neema alimshika binti yake mkono ule mzima na hakuuachia mpaka tulipofika kwenye robot, taa za magari, za barabara kuu.

Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia Meneja. Niliingia ofisini kwake nikiwa nimekwisha andika barua ya kuacha kazi, ipo mfukoni. Nikamsimulia hospitali, nikamsimulia kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakunja mkono wa shati, akanionyesha kiwiko chake, kilichopinda kidogo, chenye kovu refu upande wa ndani.

"Nilikuwa na miaka kumi na sita," alisema. "Besiboli. Hakuna aliyeniambia niache." Alishusha mkono wa shati taratibu. "Pesa siwezi kurudisha, Florence, nimeshalipia kodi. Lakini masomo yake yatamngoja, hata mwaka. Na kuanzia sasa, mtoto aliye chini ya miaka kumi na minne hauziwi zaidi ya somo moja kwa juma. Utaandika wewe hiyo karatasi, mimi nitaibandika."

Barua ya kuacha kazi sikumpa. Nilifanya kazi kwake miaka mingine mitano, na karatasi ile haikubanduliwa. Kituo kilipofungwa, kodi ikiwa imemshinda, alinigawia wavu mmoja na ndoo mbili za mipira, akaniambia, "Nenda ukaharibu biashara yako mwenyewe," na tukakumbatiana katikati ya ghala tupu.

Biashara yangu mwenyewe ilipata umbo lake kutoka kwa Mama Neema. Nilikuwa nimepanga kutoza three hundred kwa saa, nikiwa nimeandika kila kitu na mimi mwenyewe nikiwemo, lakini wazazi wa kwetu, walioishi kwa saluni na maduka ya simu na kazi za ulinzi, wasingeweza. Kupunguza bei sikutaka. Nilikuwa nimeona kilichotokea nilipojishusha. Mama Neema alinisikiliza, akasema, "Mbona iko rahisi? Lisaa ni lako, bei ni yako. Tafuta batoto wane, bagawane."

Tukajaribu. Watoto wanne, saa moja, bei ileile, kila mzazi robo. Mmoja anarusha, mmoja anadaka, wawili wanahesabu na kutazama miguu ya mwenzao, kisha wanabadilishana. Nilihofia kwamba nitawapunja, maana macho yangu yaligawanyika. Ikawa kinyume. Mtoto aliyemtazama mwenzake kwa robo saa alirudi kwenye zamu yake akiwa tayari ameshajisahihisha nusu. Hatimaye Kocha Mkuu wangu wa kwanza na Mkurugenzi wangu walipatana, mmoja kwa timu yake na mwingine kwa bei yake, ingawa hawakuwahi kuonana. Mama Neema aliniletea kundi la kwanza, la pili na la tatu kutoka kwa wateja wake. Niliendelea hivyo katika uwanja wa Sydenham kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja, na masomo ya mtu mmoja nikayaweka kwa wale tu waliokuwa na kosa maalumu la kurekebishwa, manne au matano, basi.

Neema alirudi kurusha. Aliichezea timu ya mkoa msimu mmoja, akakaa benchi mechi mbili, akarusha ya tatu wakashinda. Marekani hakwenda, barua alizoandika hazikujibiwa, na mama yake alilia siku moja tu. Leo anafanya kazi katika maabara, ana mtoto, na bado anarusha na timu ya kina mama bila maumivu yoyote. Siku ya harusi yake nilikaa meza ya familia.

Nilistaafu magoti yaliponikataza kuchuchumaa kuwadakia watoto. Mdakaji asiyeweza kuchuchumaa ni kiti tu. Wazazi waliniaga kwa keki na sare za kanga kutoka Mombasa, sijui walizipataje. Sikuacha kazi na mali. Niliacha nimemsomesha binti yangu, nimelipa kodi ya nyumba kila mwezi, na nikiwa sina mzazi hata mmoja ninayemkwepa njiani nikimwona. Nawashukuru wakubwa wangu watatu. Kila mmoja alinipa kitu ambacho wengine wawili hawakuwa nacho.

Basi, vijana wangu, tajeni bei mnayostahili, mkijihesabu na ninyi wenyewe, kisha mnyamaze. Lakini siku mtoto asipohitaji somo, mwe wa kwanza kusema, na msemee mahali pa heshima, si kwenye maegesho. Mkishindwa moja kati ya hayo mawili, tafuteni kazi nyingine, kwa sababu watoto hawatawaambia wakiumia. Wanajua mama ameshalipa.

Mwaka huu daktari amenishauri niogelee kwa ajili ya magoti. Nina miaka sitini na minane na sijawahi kuogelea, kwa hiyo nimelazimika kutafuta mwalimu. Ni binti wa Kizulu anayeitwa Nosipho, hajafika hata thelathini. Nilipomuuliza bei, aliitaja na kunyamaza, akinitazama. Kwa mara ya kwanza maishani nikajua mzazi alivyojisikia, mkono ukiwa ndani ya pochi na moyo ukiuliza kama inafaa. Nikatoa.

Masomo matatu ya kwanza nilishika ukingo wa bwawa kama mtu aliyeshika mlango wa gari lisilo na breki. Katika la nne aliniwekea viganja viwili chini ya mgongo, akaniambia nitazame juu, nipumue, nisifikirie miguu. Nikatazama juu. Nikapumua. Maji yaliniziba masikio, na magoti yangu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, hayakuwa na uzito wowote. Nilitaka kumwambia asiniachie. Niligeuza macho, nikamwona amesimama hatua tatu mbali nami, mikono ameikunja kifuani, anatabasamu.